Kwa nini ng'ombe wa bara hufia pwani: historia ya kuchunguza damu ya nyati, pongo na kuro

Mfanyabiashara wa ng'ombe kati ya Chalinze na Bagamoyo analijua jambo hili bila kusomeshwa na mtu. Ukinunua fahali mnadani bara, akiwa mnene na manyoya yanang'aa, ukamshusha pwani na kumweka malishoni, wiki ya tatu anaweza kuvimba tezi chini ya sikio, kuhema kwa shida, kutoa povu puani na kufa. Jirani yake, ndama mwembamba aliyezaliwa palepale kijijini, anaendelea kula majani kama kwamba hakuna kilichotokea. Watu husema ni hewa ya bahari. Wengine husema ni majani ya pwani. Wengine, hasa wanaolisha karibu na Hifadhi ya Saadani, huwanyooshea kidole nyati na swala, na huuliza kwa nini wasimalizwe wote tukapumzika.

Swali hilo si jipya. Limeulizwa kwa zaidi ya miaka 100, na watu wenye bunduki nyingi kuliko sisi walijaribu kulijibu kwa risasi. Leo naeleza yaliyopatikana, kwa sababu kila dawa unayonunua dukani na kila josho unalolipia limetoka katika historia hiyo.

Nianze na maneno kidogo. Katika nchi za Ulaya na Marekani wanasayansi huchunguza sana magonjwa ya kulungu wao, wale wanaoangusha pembe kila mwaka na kuota mpya. Sisi hatuna mnyama huyo. Tuna pongo, tohe, kuro, kongoni, palahala na nyati, na hawa wote ni wa ukoo mmoja na ng'ombe, mbuzi na kondoo. Ndiyo maana ugonjwa wa mmoja hupata njia ya kumfikia mwingine. Kumbuka jambo hilo, maana linafanya kazi pande zote mbili.

Misafara na wanyama wa mizigo

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilibebwa kwa mabega ya watu. Wapagazi walibeba pembe, nguo, shanga na waya kwa sababu mnyama wa mizigo hakudumu njiani. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 alikuwa na punda na farasi wawili. Farasi wote wawili walikufa wiki chache tu baadaye. Yeye aliwapasua na kulaumu alichokikuta tumboni. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aligharamia tembo wanne wa kutoka India, wakashushwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, waende hadi Ziwa Tanganyika. Mojawapo ya matumaini lilikuwa kwamba tembo angestahimili mbung'o. Huenda mbung'o hakuwashinda, lakini safari iliwashinda, wakafa mmoja baada ya mwingine.

Wenyeji walikuwa na hesabu yao tayari. Walijua ni vichaka gani vina mbung'o, walilima na kuchoma pori kwa utaratibu, na waliswaga mifugo kwa njia zilizo wazi. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alieleza kwamba kilimo na makazi ya watu ndiyo yaliyomzuia mbung'o kabla ya wakoloni. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Shamba lililotelekezwa hapa kwetu hugeuka kichaka baada ya misimu michache, na kichaka kikishafunga, mbung'o hawakawii.

Sotoka ilipita kutoka kwa ng'ombe kwenda porini

Mwishoni mwa miaka ya 1880 sotoka iliingia Afrika kupitia kaskazini-mashariki. Kufikia 1891 ilikuwa imewafuta ng'ombe wa Wamasai, na mwaka 1896 ilivuka mto Zambezi na kuendelea hadi kusini kabisa. Haikuchagua. Iliua nyati, pofu, tandala, pongo, twiga na ngiri pamoja na ng'ombe. Sehemu nyingine nyati walibaki wachache sana.

Baadaye maofisa wengi wa kikoloni waliamini kwamba wanyamapori ndio walioificha sotoka na kuirudisha kwa mifugo kila mara. Jibu lilikuja taratibu, na lilitoka kwenye chanjo. Walter Plowright na wenzake, wakifanya kazi Muguga nchini Kenya, walitengeneza chanjo nzuri ya sotoka iliyoanza kutumika karibu na 1960. Ng'ombe wanaozunguka Serengeti walichanjwa. Hakuna nyumbu hata mmoja aliyechanjwa, lakini ugonjwa ulitoweka kwa nyumbu pia. Idadi yao ilipanda kutoka karibu 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja kabla ya miaka ya 1970 kwisha. Kumbe ng'ombe ndio waliokuwa wakiwaambukiza nyumbu. Mnyama wa mwisho duniani kuthibitishwa kuwa na sotoka alikuwa nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001, na mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imekwisha.

Plowright huyohuyo alipata mwaka 1960 kirusi ambacho nyumbu hubeba bila kuugua, na ambacho huua ng'ombe wanaolishwa mahali nyumbu walipozalia. Wamasai hawakuhitaji maabara kwa hilo. Walikuwa wakiwaondoa ng'ombe wao katika malisho hayo kila msimu wa nyumbu kuzaa, miaka mingi kabla yake.

Daktari Mjerumani na damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam

Turudi kwa fahali wetu anayekufa pwani. Mwaka 1897 Robert Koch, daktari maarufu wa Ujerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, alifika Dar es Salaam. Aliona kile ambacho mfanyabiashara wa leo anakiona: ng'ombe wa pwani wanaishi, ng'ombe walioletwa kutoka bara wanakufa. Alichukua damu, akaiweka chini ya hadubini, na kuona vimelea vidogo ndani ya chembe nyekundu. Akadhani ni hatua ya mwanzo ya ugonjwa uliojulikana Marekani kama homa ya Texas, ambao hapa kwetu tunaujua kwa ng'ombe kukojoa damu.

Hakuwa sahihi, na kosa hilo liligharimu. Sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe wa kusini mwa Afrika, na walowezi walitafuta mifugo ya kujazia. Ng'ombe wa pwani ya Afrika Mashariki walipelekwa kwa meli hadi Beira, wakaingia Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Walionekana wazima, na wenyewe walikuwa wazima kweli, kwa sababu waliugua wakiwa ndama na kupona. Lakini damu yao ilibaki na vimelea. Mwaka 1902 ng'ombe wa Rhodesia walikuwa wanakufa kwa wingi, na madaktari wa huko, wakimfuata Koch, waliuita ugonjwa huo homa ya Texas. Koch aliitwa Bulawayo mwaka 1903. Alipotazama damu alikumbuka Dar es Salaam. Akakubali kwamba huu ni ugonjwa mwingine, akaupa jina la homa ya pwani ya Afrika. Ndio huu tunaouita ndigana kali. Kwa hiyo ugonjwa unaotajwa katika vitabu vya mifugo dunia nzima una jina la pwani yetu.

Karibu na wakati huohuo Charles Lounsbury wa Rasi na Arnold Theiler wa Transvaal walionyesha kwamba anayeusambaza ni kupe wa kahawia, yule anayejaa ndani ya masikio. Hapo ndipo josho la kila wiki lilipopata maana yake. Kupe huyu akishang'ang'ania ngozi huhitaji siku tatu nne kabla vimelea havijakomaa katika mate yake na kuingia kwa ng'ombe kwa wingi. Ukimwogesha ng'ombe wako mara moja kwa mwezi, kupe wamekwisha kumaliza kazi.

Ilichukua miaka mingine 50 kumpata mwenyeji wa asili wa vimelea hivi. Katika miaka ya 1950, huko Zululand, ng'ombe walikufa katika malisho yaliyotumiwa na nyati, na uchunguzi ukaonyesha kwamba nyati hubeba vimelea vya ndigana maisha yake yote bila hata kukohoa. Ng'ombe ni mgeni katika ugonjwa huu. Nyati ameishi nao muda mrefu zaidi.

Mbung'o anachagua

Ndorobo, yaani nagana, ni hadithi nyingine, na ndiyo iliyomwaga damu nyingi ya wanyama. Mwaka 1895 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alithibitisha huko Zululand kwamba mbung'o hubeba vimelea vya nagana kutoka kwa wanyamapori wasioumwa kwenda kwa ng'ombe. Wengi walisikia nusu tu ya maneno yake: wanyamapori. Koch mwenyewe alitetea kuwaondoa. Rhodesia ya Kusini iliwaua mamia ya maelfu ya wanyama kwa miongo kadhaa.

Tanganyika ilikuwa na mtu aliyetazama kwa jicho tofauti kidogo. C. F. M. Swynnerton alikuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori chini ya Waingereza, kisha akaongoza utafiti wa mbung'o Shinyanga. Alipendelea kufyeka vichaka, kupanga moto na kupanga makazi. Alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Baada yake, Vita Kuu ya Pili ikielekea mwisho, watafiti wa Shinyanga waliamua kulipima jambo la risasi bila ubishi. Wakawinda kwa miaka kadhaa karibu kila mnyama mkubwa katika eneo walilolitenga. Mbung'o kweli walipungua mno. Sitaficha hilo, maana wapo wanaolificha. Lakini hesabu haikulipa. Ukiacha kuwinda, ngiri na pongo hurudi kutoka pembeni, na mbung'o hurudi nao.

Jibu bora lilitoka ndani ya tumbo la mbung'o. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Bernard Weitz, akiwa Uingereza, alipokea damu iliyokamuliwa kutoka kwa maelfu ya mbung'o waliokamatwa sehemu mbalimbali za Afrika, na kuipima kujua ni ya mnyama gani. Ikaonekana kwamba mbung'o ana uchaguzi kama mlaji hotelini. Aina moja hupenda ngiri, nyingine hupenda pongo, nyingine nguruwe mwitu. Nyati na tandala nao huliwa. Lakini swala pala, pundamilia na nyumbu, ambao wamejaa mbugani, huguswa mara chache sana, na kuro pia. Maelfu ya wanyama waliopigwa risasi hawakuwa wanamlisha mbung'o hata kidogo.

Pongo alikuja kutajwa tena kwa sababu nzito zaidi. Mwaka 1958 watafiti watatu nchini Kenya, Heisch, McMahon na Manson-Bahr, walichapisha taarifa kwamba vimelea walivyovipata katika damu ya pongo vilimwambukiza malale mtu aliyejitolea. Huo ulikuwa uthibitisho wa kwanza wa wazi kwamba malale ya Afrika Mashariki inaweza kukaa kwa mnyama wa porini asiyeonyesha dalili. Hapa Tanzania malale ya binadamu imeripotiwa zaidi mikoa ya magharibi na kandokando ya hifadhi za kaskazini. Mwenye jamaa aliyetoka huko na homa isiyoisha na usingizi wa mchana asibaki kumnunulia dawa ya malaria kila wiki. Aombe damu ipimwe malale.

Mkwaja

Hapa ndipo habari inapofika mlangoni kwetu. Kaskazini ya Saadani, upande wa Pangani, kampuni ya katani ya Amboni ilifungua ranchi ya Mkwaja katika miaka ya 1950. Ilikuwa na zaidi ya ng'ombe 10,000 wa Borana katika nyakati zake nzuri, katikati ya mbung'o wa aina tatu au zaidi, wakiwa wamezungukwa na nyati, pongo na ngiri. Kitaalamu ng'ombe hawakupaswa kuishi pale.

Waliishi kwa sindano. Ng'ombe walidungwa Samorin mara kadhaa kwa mwaka kuwakinga, na Berenil walipougua. Watafiti wa kituo cha kimataifa cha mifugo walipochambua kumbukumbu za ranchi za miaka ya 1973 hadi 1982 waliona kwamba uzalishaji wa ng'ombe hao ulifikia takriban asilimia 80 ya ule wa Borana wenzao wa Kenya wasio na mbung'o. Ni mafanikio makubwa. Lakini yalikuwa mafanikio ya ranchi yenye daftari la kila ng'ombe, daktari wake na pesa za katani. Mwaka hadi mwaka dawa zilizidi kutumika, na tatizo la vimelea kuzizoea likajitokeza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ilianza kuogesha ng'ombe kwa deltamethrin, dawa inayoua mbung'o anapotua mwilini. Ng'ombe akageuka mtego unaotembea. Vifo vilishuka na sindano zikapungua sana.

Hata hivyo ranchi ilifungwa mwaka 2000. Vichaka vya migunga vilikuwa vimemeza malisho, na gharama hazikukoma. Mwaka 2005 eneo lake lilikuwa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Mfugaji mwenye ng'ombe 20 anapaswa kuitazama Mkwaja kwa makini. Kile ambacho kampuni ilikishindwa kwa sindano peke yake, yeye hatakiweza kwa kununua pakiti moja ya Berenil na kuigawa kwa ng'ombe wanne kwa kukisia uzito. Dozi pungufu ndiyo inayowafundisha vimelea kuizoea dawa.

Mbele ya macho yetu, ng'ambo ya maji, Unguja ilipata bahati ya kuwa kisiwa. Kuanzia 1994 madume ya mbung'o yaliyofanywa tasa, yaliyozalishwa katika kituo cha utafiti cha Tanga, yalimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, zaidi ya milioni nane kwa jumla. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996, na mwaka uliofuata Unguja ilitangazwa haina mbung'o. Hakuna paa wala nguruwe mwitu aliyelazimika kufa. Bara haliwezi kuiga moja kwa moja, kwa kuwa mbung'o wa Handeni hana bahari ya kumzuia asije Wami.

Harufu ya kuro

Kuro ndiye ninayempenda zaidi katika historia hii. Yule mnyama mwenye duara jeupe matakoni, anayesimama kandokando ya Wami, anaishi katikati ya mbung'o na bado hawamnyonyi. Watafiti wa icipe, taasisi ya wadudu iliyoko Nairobi, waliikusanya harufu ya mwili wake, wakatenganisha kemikali zake, wakagundua kwamba ndizo zinazomfukuza mbung'o. Wakazitia katika vichupa vinavyoning'inia shingoni mwa ng'ombe kama kengele. Walizijaribu Shimba Hills, Kwale, pwani ya Kenya, kwa wafugaji wa kawaida wanaopakana na hifadhi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba maambukizi ya nagana kwa ng'ombe waliovaa yalipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Kama Rhodesia ingefaulu kuwamaliza wanyama wote, harufu hiyo isingekuwepo ya kukusanywa.

Nyati naye ametulipa. Chanjo ya ndigana kali iliyotengenezwa Muguga katika miaka ya 1970 ina mchanganyiko wa vimelea hai vya aina tatu. Aina mbili zilitoka kwa ng'ombe wa Kenya, na ya tatu ilitoka kwa nyati wa Serengeti, ikapitishwa kwa ng'ombe mpaka ikazoea. Ng'ombe hudungwa vimelea hivyo pamoja na OTC ya muda mrefu, anaugua kidogo bila kuonekana, na anabaki na kinga. Wamasai wa kaskazini mwa Tanzania wameitumia kwa wingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, hasa kwa ndama.

Kwa mnunuzi, mambo ni haya. Mnyama wa kuchinja wiki hiyohiyo hana haja ya chanjo. Mnyama wa kufuga, muulize muuzaji amezaliwa wapi na kama ana hereni ya chanjo ya ndigana sikioni, maana aliyechanjwa huwekwa alama. Kama hana, mchanje angali huko alikozaliwa, umpe mwezi mmoja na zaidi kidogo kabla ya kumleta pwani. Chanjo hukaa katika mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, na ikishayeyushwa ni ya kutumika ndani ya saa chache, kwa hiyo jikusanyeni kijiji kizima, msiite mtaalamu kwa ng'ombe watatu.

Na wewe unayelisha upande wa Saadani, ambako nyati hunywa maji mlemle wanamonywa ng'ombe wako, chanjo haikuondolei josho. Vimelea vinavyotoka moja kwa moja kwa nyati vina sura nyingi kuliko zile tatu, na vingine huipita kinga. Ogesha kila wiki kwa dawa inayoua kupe na mbung'o pamoja, pakaa na ndani ya masikio kwa mkono, na tezi ya chini ya sikio ikivimba mwite mtaalamu siku hiyohiyo. Dawa ya kutibu ndigana kali ipo, nayo hufanya kazi siku za mwanzo, kabla ng'ombe hajaanza kuhema.